Nairobi hadi New York: tiketi ya mamangu ni masaa saba kweli?

kijana_wa_Thika: Wadau, mamangu anaenda New Jersey Januari kumwona mjukuu, na hajawahi kupanda ndege. Tumemkatia ile ya moja kwa moja, JKIA hadi JFK. Anatoka Jumanne saa tano na dakika 25 usiku, anafika Jumatano saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Hayo ni masaa saba! Kurudi mwisho wa Februari anatoka saa sita na dakika 25 mchana, anatua kesho yake saa tano kasoro dakika tano asubuhi. Hayo ni 22 na nusu. Njia si ni ile ile?

Mama_Pacha_NJ: Tiketi iko sawa, kaka. Kila saa iliyoandikwa hapo ni ya mji wenyewe, na sisi huku tuko nyuma ya Nairobi kwa masaa nane. Mum aking'oa nanga, huku kwetu ni saa tisa na dakika 25 alasiri. Hesabu kutoka hapo hadi asubuhi: masaa 15. Kurudi, toa nane kwa 22 na nusu, unabaki na 14 na nusu. Asikae kupita Jumapili ya pili ya Machi bila kuangalia tiketi upya, maana Marekani wanasogeza saa mbele, na tofauti inakuwa saba.

Lakini hesabu si kazi. Mama mkwe alipokuja alikataa maji njia nzima, eti asimsumbue jirani akienda choo. Miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia. Nilimpokea na soksi, baridi ya Januari! Mtafutie kiti cha kando ya njia. Na mwambie mapema kwamba hataona jua: ndege inaukimbilia usiku magharibi, kwa hivyo atalala, ataamka, atakula, atalala tena, na nje bado giza. Mama mkwe alidhani tumepotea.

fundi_wa_angani: Niongezee. Mstari wa karibu ni kama kilomita 11,850, kukata Sahara kisha Atlantiki. Ndege yenyewe, Dreamliner, hukimbia kama kilomita 900 kwa saa, lakini kwenda inapigana na upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi. Kurudi upepo huo huo unaisukuma. Halafu JKIA iko mita 1,600 na kitu juu ya bahari, hewa nyepesi, na tangi limejaa mafuta ya safari yote. Baridi ya usiku inaisaidia kuruka na mzigo.

kijana_wa_Thika: Asanteni sana. Kwa hivyo akiondoka huko Ijumaa, nampokea Jumamosi asubuhi. Ameshaanza kufunga mandazi na nyama kavu.

Mama_Pacha_NJ: Jumamosi, ndio. Mandazi alete, na aseme anayo akiulizwa. Nyama itoe kwa begi kabla hamjatoka Thika, hata akinuna.