"Dada, njoo na shemeji": yule muuza magari leo kanivuruga!

Wakuu, natetemeka hapa nilipo. Yule bwana wa yadi, yule wa miwani juu ya kipara, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo kaniambia mbele ya wateja watatu na mlinzi: "Dada, mambo ya betri njoo na shemeji nimwelekeze."

Shemeji! Shemeji yupi? Hela yangu, leseni yangu, soketi ya kuchajia nimevutiwa kwa jasho langu.

Miezi minne nasoma habari za haibridi za kuchomeka, yale magari ya petroli yenye betri unayoichaji kwa waya nyumbani. Nikamuuliza swali moja, tena kwa adabu: betri imebakiza uwezo kiasi gani? Kwenda na kurudi kazini ni kilomita 34, nataka nizimalize kwa umeme mtupu, petroli ningojee nayo safari ndefu. Betri ikiwa imechoka, gari linabeba injini na maiti ya betri juu yake. Basi. Akashusha pumzi kana kwamba nimemwomba figo, ndipo akatoa hilo la shemeji.

Na huyo mwelekezaji mwenyewe sasa! Nikamwambia afungue tundu la kuchajia. Akalizunguka gari mara mia saba, akafungua kifuniko cha petroli, akafunga, akafungua tena akikichungulia. Cha upande wa pili nikakibonyeza mimi kwa kidole, tap, kikafunguka. Ndani buibui kajenga ghorofa. Bwana akatazama: "Aa, hili si lazima, inajichaji ukikanyaga breki."

Jamani! Breki zinarudisha kidogo tu. Betri ya kilowati-saa 13 na ushei uijaze kwa breki, labda uteremke mlima Januari mpaka Desemba. Anayoisema ni haibridi ya kawaida, ile yenye kibetri cha kilowati-saa 1 na kitu. Waya wa kuchajia hakuna. Mfuko wake uko kwenye buti, ndani kumejazwa kitambaa cha kufutia dashibodi. Na huyo ndiye anataka aletewe shemeji!

Mlinzi alicheka. Bado namsikia.

SpanaNamba13: Pole mleta uzi. Shemeji tumemsikia, gari umenunua?

Mleta uzi: Ninunue kwa nani? Kwa huyo anayetafuta shemeji?

BibiKlachi: Yule! Mimi aliniapia gari jeupe linakula mafuta kidogo. Sijakanyaga tena pale.

MzeeWaDizeli: Hayo magari ni ya kudanganyana. Tume ya Ulaya ilitoa ripoti 2024: barabarani hewa ya ukaa yake ni kama mara 3.5 ya ile ya kwenye makaratasi, maana watu hawachomeki vya kutosha. Nunua dizeli ulale.

Mleta uzi: Watachomeka vipi na wanauziwa na watu kama yule, bila waya??

ChomekaUlale: Mimi nina Mitsubishi Outlander ya kuchomeka ya toleo la kwanza, kilowati-saa 12. Soketi ya kawaida ya ukutani, nachomeka saa tatu usiku, alfajiri imejaa. Dada, ukipata nyingine washa na hita uone. Zipo ambazo injini inawaka hapo hapo hata betri ikiwa imejaa.

SpanaNamba13: Heri wewe unayelala. Mimi jirani anachomoa waya wangu usiku achaji spika.

BibiKlachi: Huyo ana nafuu! Wangu anaegesha mbele ya soketi, anazima simu, anaenda kulala.

MzeeWaDizeli: Mnalia na majirani nyie? Wangu ana jogoo. Analala juu ya boneti langu, na kucha zake zote.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwa yule bwana. Kaniambia njoo na shemeji!

BibiKlachi: Subiri kwanza. Mzee, jogoo huyo mwekundu, mkia umenyofoka?