Ukoo wa Kukhu: wavu wa grili kabla ya sherehe

JUMAPILI JIONI

Mama Pacha: Hamjambo nyote. Nimeitoa ile grili ya gesi stoo tuisafishe mapema kabla bibi yetu Kukhu hajafikisha miaka 80. Tazameni hiyo picha. Wavu umebambuka. Nimepitisha kidole, vipande vyembamba vya kung'aa vimebaki kwenye ngozi, na chini yake ni kutu tupu.

Senge Kisumu: Ala! Si tuliichangia Aprili tu?

Kaka Kakamega: Aprili. Na muuzaji alituapia ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu.

Baba Mdogo Nakuru: Nimeikuza picha nikaiangalia vizuri. Huo haukuwa stenlesi hata siku moja. Ni waya wa chuma cha kawaida uliopakwa kromu. Ukipata moto na kupoa, moto na kupoa, ile kromu inapasuka, maji yanapenya, chuma cha ndani kinaoza. Mama Pacha usiusugue tena na usichome chochote juu yake. Hivyo vipande vitaishia kwenye nyama.

Mama Pacha: Wiki jana niliwachomea watoto soseji hapo 😟

Baba Mdogo Nakuru: Usijilaumu, wengi tumeuziwa hivyo. Uweke kando tu, tutafute mwingine.

Mdogo Wetu Lanet: Jirani hapa ametupa friji kuukuu. Rafu zake za waya naona zinatosha kabisa. Nizichukue?

Baba Mdogo Nakuru: Hapana mwanangu, ziache. Rafu za friji za zamani, nyingine zilipakwa kadimiamu, na hiyo ni sumu. Kwa macho huwezi kutofautisha. Na kabla mtu hajataja waya wa uzio: ule umepakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 za Selsiasi hivi, na sisi tunaochomelea mabati tunaujua moshi wake. Ukiuvuta mchana, usiku unatetemeka kwa homa kama mtu wa malaria. Jikoni kwa mama yangu hauingii.

Senge Kisumu: Mimi nilipenda zile nyavu nyeusi nzito za chuma cha kumimina. Nimeziona kwa rafiki yangu hapa Milimani, samaki anatoka na mistari mizuri ajabu.

Baba Mdogo Nakuru: Ni kweli dada, zile zinashika moto vizuri kuliko stenlesi, siwezi kukataa. Lakini zinataka kupakwa mafuta kila mara, na ukizisahau kwa unyevu wa Kakamega, wiki moja tu zimekuwa nyekundu. Zikianguka kwenye saruji zinapasuka. Na kwa Kukhu kila mtu anapika na kila mtu anaosha. Chombo cha watu wengi kiwe kivumilivu.

Senge Kisumu: Hapo sawa.

JUMATATU

Mdogo Wetu Lanet: Baba Mdogo, niko dukani mjini na ile sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Wana nondo nyembamba za aina mbili. Moja sumaku inang'ang'ania, nyingine haishiki kabisa. Zote wanasema stenlesi.

Baba Mdogo Nakuru: Na zote zaweza kuwa stenlesi kweli, huenda hawajakudanganya. Inayong'ang'ania sumaku yaweza kuwa stenlesi ya nambari 430. Ina kromiamu, nikeli haina au ni kidogo mno. Itakaa, lakini kwa chumvi na unyevu itaanza vidoadoa mapema. Tunayotaka ni 304. Kromiamu asilimia 18 hivi, nikeli 8, ndiyo maana vyombo vya jikoni huandikwa 18/8.

Mdogo Wetu Lanet: Kwa hiyo nichukue isiyoshika sumaku?

Baba Mdogo Nakuru: Ngoja! Hapo ndipo watu wengi wanapotea. Kuna nyingine inaitwa 201. Wamepunguza nikeli wakaongeza manganizi ili ishuke bei. Nayo haishiki sumaku, lakini kutu inaijua. Sumaku inakuonyesha tu isiyofaa, haithibitishi inayofaa. Muulize mwenye duka nambari, angalia kama imepigwa chapa kwenye nondo au kwenye lebo ya mzigo, na mwambie aiandike 304 kwenye risiti. Akisita kuandika, toka.

Mdogo Wetu Lanet: Amesita 😅 Natoka.

Kaka Kakamega: Samahani, niulize la msingi. Stenlesi si chuma tu? Kwa nini haishiki kutu?

Baba Mdogo Nakuru: Ni chuma, ila kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Hiyo kromiamu ikikutana na hewa inajitandaza juu kama ngozi nyembamba usiyoiona. Ukiikwaruza, inajifunga tena yenyewe ikipata hewa. Kromu ya kupaka ni koti, ikichanika imechanika. Hii ni ngozi. Nimefanya kazi ya masinki na matangi ya maziwa miaka 11 na bado naishangaa.

Mdogo Wetu Lanet: Duka la pili ameandika. 304, milimita 8. Alikuwa na 6 pia, bei nafuu.

Baba Mdogo Nakuru: Chukua 8. Mita moja ya 8 ina uzito wa gramu 400 hivi, ya 6 ni kama 225. Huo uzito ndio unaobeba moto. Ukiweka kipande baridi cha nyama juu ya waya mwembamba unapoa papo hapo, nyama inanata. Na hakikisha ni nondo iliyojaa, si bomba. Bomba ndani yake huingia maji na mafuta usiyoweza kuyafikia.

Senge Kisumu: Nani ataichomelea? Wale mafundi wa jua kali wa Kamas hapa Kisumu wana mikono mizuri.

Baba Mdogo Nakuru: Dada, hii niachie mimi. Ni ya mama.

JUMANNE

Baba Mdogo Nakuru: Mama Pacha, nipe vipimo vya ndani, pale wavu unapokalia. Pima na futi ya chuma, si ya kushonea nguo.

Mama Pacha: Upana sm 61, kutoka mbele hadi nyuma sm 46. Nimepima mara mbili.

Baba Mdogo Nakuru: Vizuri. Nitakata 45.4.

Mama Pacha: Mbona fupi?

Baba Mdogo Nakuru: Stenlesi inatanuka sana ikipata moto, kuliko chuma cha kawaida. Nondo ya urefu huo ikipanda nyuzi 300 inarefuka zaidi kidogo ya milimita 2. Ukiibana ukuta kwa ukuta inatafuta pa kwenda, haipati, inapinda juu kama mgongo wa paka. Kwa hiyo milimita 3 kila upande. Na nitautengeneza vipande viwili. Wote mzima ungefika kilo 7 na nusu hivi, sitaki mtu aunyanyue ukiwa wa moto na mafuta.

Kaka Kakamega: Hizo nafasi kati ya nondo na nondo utaacha kiasi gani? Ile ya zamani mabawa yalikuwa yanatumbukia.

Baba Mdogo Nakuru: Milimita 8, sawa na unene wa nondo. Bawa halipiti, mafuta yanapita.

ALHAMISI USIKU

Baba Mdogo Nakuru: [picha] Umekwisha. Angalieni viungo. Hapo ndipo nyavu nyingi za mitaani hufia: nondo ni stenlesi nzuri, halafu fundi anachomelea kwa vijiti vya chuma cha kawaida. Baada ya mvua mbili kila kiungo kina tone jekundu. Mimi nimetumia vijiti vya 308L, ndivyo vinavyokwenda na 304. Na jiwe la kusagia limekuwa jipya. Jiwe lililosaga chuma cha kawaida linaacha unga wa chuma juu ya stenlesi, unga huo ndio unaooza, halafu watu wanasema stenlesi imeshika kutu.

Senge Kisumu: Ndugu yangu, mama atafurahi. Mungu akubariki mikono.

Mdogo Wetu Lanet: Nimeushika. Kingo zote amezilainisha, hata kitambaa hakinasi.

JUMAMOSI

Mama Pacha: Mzigo ulifika salama. Nimeuosha kwa sabuni na maji moto, nimepima bomba la gesi kwa povu la sabuni, hakuna kibofu. Nimewasha. Sasa Baba Mdogo, mbona wavu umebadilika rangi? [picha] Katikati manjano, halafu kahawia, halafu bluu.

Baba Mdogo Nakuru: Hiyo si kutu wala si uchafu. Ni ile ngozi niliyokuambia, moto umeifanya nene kidogo. Haitoki na usihangaike kuitoa. Kutu ni rangi ya matofali na inaacha unga kidoleni.

Mama Pacha: Afadhali. Lakini ingokho, kuku wetu, imenata. Ngozi yote ya mapaja imebaki kwenye wavu 😭

Baba Mdogo Nakuru: Uliwasha dakika ngapi kabla ya kuweka kuku?

Mama Pacha: Labda tatu.

Baba Mdogo Nakuru: Funika, acha 10 hadi 15. Kisha kata kitunguu nusu, kichome kwa uma mrefu, usugue nondo zikiwa moto. Paka mafuta kwenye kuku, si kumimina kwenye wavu, maana yatadondoka kwenye moto na kulipuka. Weka kuku aliyekaushwa maji, na umwache. Usimgeuze kwa pupa. Ukivuta akagoma, bado hajaiva upande huo. Akiwa tayari anaachia mwenyewe.

Mama Pacha: [picha] Ameachia!!! Tazameni mistari.

Senge Kisumu: Eee! Basi mimi naleta samaki, ngege kutoka Dunga, hao wakubwa.

Kaka Kakamega: Kusafisha je? Nina brashi ile ya nyuzi za waya, na stiliwuli.

Baba Mdogo Nakuru: Vyote viwili tupa. Nasema kwa uzito, nisikilizeni. Stiliwuli ya kawaida ni chuma, inaacha chembe zinazooza juu ya wavu. Na ile brashi inang'oa nyuzi zake moja moja. Uzi mmoja ukibaki kwenye nondo unaingia kwenye nyama, hauonekani, unachoma koo au utumbo. Watu wamefanyiwa upasuaji kwa ajili ya uzi mmoja. Na hapo watakula wajukuu wote wa Kukhu.

Kaka Kakamega: Nimetupa. Sasa hivi, ndani ya shimo la taka.

Baba Mdogo Nakuru: Asante mwanangu. Fanyeni hivi: mkimaliza, funika uwashe moto mkubwa dakika 10, mtu akiwa hapo, asiende kupiga picha. Zima gesi mtungini. Wavu ukipoa hadi uvuguvugu, kwangua kwa kipande cha mti mgumu, ufute kwa kitambaa kibichi. Palipoganda paka uji mzito wa soda ya kuokea na maji, uache nusu saa, usugue kufuata urefu wa nondo. Kausha. Paka mafuta kidogo sana.

Mama Pacha: Na ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe? Shemeji hupenda kuitumia kwa kila kitu.

Baba Mdogo Nakuru: Marufuku. Klorini inatoboa stenlesi vishimo vidogo kama vya sindano, hata 304. Na chumvi na ndimu vya kwenye nyama msiviache vikalala juu ya wavu hadi asubuhi. Vinafanya kazi hiyo hiyo polepole.

Senge Kisumu: Na kuufunika wote kwa karatasi ya foili ili usichafuke? Hapa wengi hufanya hivyo.

Baba Mdogo Nakuru: Joto linakosa pa kupandia, linarudi chini kwenye vichomeo na mabomba. Samaki mmoja mmoja funga ukitaka, wavu wote usifunike.

JUMAPILI

Kaka Kakamega: [ujumbe wa sauti, dakika 0:41] Kukhu anaongea na Baba Mdogo. Sikilizeni mpaka mwisho.

Baba Mdogo Nakuru: Nimesikiliza mara tatu. Mwambieni ndiyo mama, paja la kwanza ni lako, na laini.

Mama Pacha: Ameulizia pia huo wavu utawekwa wapi usiku. Nimemwambia ndani, umefungwa kwa kitambaa kikavu, juu ya kabati. Amesema usogezwe mbali na gunia la chumvi.