Lami tani 54, eneo mita za mraba 576: imepungulia wapi?

Kijana wa Saiti
Wakuu, salaam. Nasimamia yadi ya kuegesha malori hapa Morogoro, mita 32 kwa 18, lami ya moto sentimita 5. Nilipiga 32 × 18 × 0.05, nikapata mita za ujazo 28.8. Bodi ya tipa inachukua mita za ujazo 10, nikaagiza tipa tatu nikijua na ziada ipo. Juzi tumemwaga zote, rola imepita, na upande wa geti kipande cha mita sita na kitu kimebaki kokoto tupu. Karatasi za mizani zinasema tani 18 kila gari. Nimeibiwa? Bosi anataka jibu kesho asubuhi.

Mzee wa Reki
Pole mdogo wangu. Hujaibiwa.

Lami ikiwa kwenye bodi imejaa hewa. Zako ni tani 18 ndani ya mita 10, yaani tani 1.8 kwa kila mita ya ujazo. Rola ikimaliza kazi, mita hiyohiyo inabeba tani 2.35 hivi. Wewe umepima unene wa lami iliyoshindiliwa, halafu ukaagiza kwa ujazo wa lami isiyoshindiliwa.

Ilitakiwa 28.8 × 2.35, tani 67.7. Tani zako 54 ukigawa kwa 2.35 ni mita za ujazo 23, na kwa sentimita 5 zinafunika mita za mraba 460. Zimebaki 116. Gawa kwa upana wa 18: mita 6.4. Ndiyo hapo getini.

Mimi kichwani nina namba moja tu: kila mita ya mraba, kila sentimita moja ya unene, kilo 23.5. Kwa sentimita 5 ni kilo 117.5. Kabla tipa ya kwanza haijafika napiga mistari ya chaki chini. Kwa tani 18 na upana wako, kila gari lifike mita 8.5. Gari la kwanza likiishia mita 7, nasimamisha kazi napima unene hapohapo, maana lami ikishapoa hakuna cha kurekebisha.

Binti wa Maabara
Mzee yuko sahihi, ila hiyo 2.35 isichukuliwe kwa kila mtambo wa kuchanganyia lami. Jiwe zito hupandisha namba. Omba karatasi ya kipimo cha Marshall, kile cha maabara kinachoonyesha uzito wa lami iliyoshindiliwa, ya mchanganyiko wenyewe. Na tabaka la chini lipimwe kwa kamba: likiwa limebonyea wastani wa sentimita 1 tu, eneo lote la 576 linameza tani 13 na nusu zaidi.

Kijana wa Saiti
Shikamoo mzee, asante dada. Nimelala na wasiwasi bure. Sasa niagize ngapi za kumalizia?

Mzee wa Reki
Marahaba. 116 × 117.5 ni tani 13.6. Agiza 15, kwa sababu ukingo wa juzi utaukata wima kwa mashine, mpaka pale ambapo unene ni kamili, na hapo unaongeza eneo. Paka emalshani, ile lami ya majimaji ya kugandishia, kwenye huo ukingo kabla ya kumwaga. Mkitandaza kwa reki, iache sentimita 6.5 kabla ya rola.