"Muziki huu una huzuni sana" halafu kalamu inawekwa chini: nifundisheje uchambuzi?

mwalimu_ibanda (Bukavu)
Wandugu, jambo. Nafundisha piano hapa Bukavu, na wanafunzi wangu watano wana mtihani baada ya wiki sita. Watapewa ukurasa mmoja wa nota za piano za enzi ya Romantiki (Chopin, Schumann, Mendelssohn, watu wa kundi hilo), watausikiliza mara tatu, kisha wana saa moja ya kuandika uchambuzi.

Kupiga wanapiga vizuri. Kuandika ndiko kunakonitesa. Tumejaribu na Preludi ya Chopin opus 28 namba 4, ile ya ngazi ya mi mineri. Mmoja alijaza ukurasa mzima kuhusu ugonjwa wa kifua wa Chopin na baridi ya kisiwa cha Mallorca alikokaa, bila kutaja nota hata moja. Wa pili aliweka namba ya Kirumi, ile inayoonyesha nafasi ya akodi kwenye ngazi, chini ya kila akodi (nota zinazopigwa pamoja), karibu zote sahihi, akaona amemaliza. Wa tatu, binti mwenye sikio kuliko wote, aliandika mstari mmoja tu: "Muziki huu una huzuni sana." Nikamuuliza, huzuni iko wapi kwenye karatasi? Akanyamaza, machozi yakamlengalenga.

Usiku ule sikupata usingizi. Mtoto anasikia kabisa, ila sijampa njia ya kuonyesha anachokisikia. Nina klavye moja ya funguo 61 na pedali ya kununua kando. Jumamosi nianzie wapi?

Kaka_Lushi (Lubumbashi)
Mwalimu, piga marufuku neno "huzuni" kwa wiki mbili. Na "furaha" pia. Mimi nilifanya hivyo, watoto wakalazimika kutafuta kingine cha kusema.

mama_alto (Goma)
Kaka Lushi, samahani, mimi nisingelikataza. Neno hilo ndilo mlango wa yule binti. Mwache aliandike, halafu umuulize: nani anayeleta huzuni hiyo, mkono wa kulia au wa kushoto?

Mwalimu, hao watoto wako wanaimba kwaya? Huku kwetu hukosi wanaoimba. Basi funga klavye kwa nusu saa. Chukua akodi za mkono wa kushoto mwanzoni mwa preludi hiyo: sol, si, mi. Nota tatu, waimbaji watatu. Anayeimba besi ashuke peke yake kutoka sol hadi fa diezi (fa iliyopandishwa nusu-toni), wenzake wabaki palepale. Kisha wa katikati ashuke kutoka si hadi la. Kisha besi tena, hadi fa bekari, yaani fa ya kawaida. Halafu wa juu aachie mi, aende re diezi. Waimbe polepole sana, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Watajisikia wenyewe kwamba hakuna anayeshuka pamoja na mwingine. Kila mara kuna mmoja ameondoka na wawili wamebaki wamening'inia, na akodi inayopatikana hapo katikati haina utulivu. Juu yao, mkono wa kulia unazunguka si na do, si na do, kama mtu anayerudia neno moja. Huzuni ya binti yako imo humo, na sasa ana la kuandika: sauti za ndani zinateremka kwa nusu-toni, kwa zamu, chini ya melodia isiyotaka kusogea.

Namba za Kirumi hapo hazisaidii sana, ndiyo maana yule wa pili alikwama. Akodi nyingi zimezaliwa na kule kuteremka, haziendi popote kwa haraka. Namba aziweke kwenye kadensi, pale msemo unapofungwa, ambako muziki unafanya uamuzi: kipimo cha 12 (kipimo ni kisanduku kati ya mistari miwili ya wima) unasimama kwenye akodi ya tano bila kufika nyumbani, kisha mwanzo unarudi. Kipimo cha 21 sikio linangoja mi mineri, linapewa akodi ya do. Hizo mbili tu zinatosha kuonyesha umbo zima la vipimo 25.

mwalimu_wa_kidato (Kenya)
Mama Alto amesema vyema. Kwetu Kenya somo la Muziki la kidato cha nne lina kazi teule za kuchambuliwa, kwa hiyo tatizo hili nalijua. Ninachowadai wanafunzi: sentensi isiyo na namba ya kipimo haihesabiki. "Muziki unapanda" hapana. "Kipimo cha 16 hadi 18, stretto (harakisha) imeandikwa, nguvu inafika forte (sauti kubwa)" ndiyo.

Habari za maisha ziwe sentensi moja, tena yenye kazi. Opus 28 ilichapishwa 1839, preludi 24, moja kwa kila ngazi. Hilo linaeleza kwa nini kipande ni kifupi hivyo. Baridi ya Mallorca haielezi akodi yoyote.

sauti_ya_ziwa (Bukavu)
Jirani, kuhusu klavye: piano kamili ina funguo 88, kwa hiyo yako imekosa 27, nyingi za chini. Waambie hivyo, wasidhani wanasikia kila kitu. Na pedali, washikishe akodi moja ukiwa umeikanyaga, kisha bila kuikanyaga. Muziki wa enzi hii umejengwa juu ya huo mlio unaobaki.

Ukihitaji cha kuanzia chepesi, preludi namba 20 ya opus hiyohiyo. Vipimo 13, akodi nzito kama wimbo wa kanisani, nguvu inatoka ff (kubwa sana) hadi p (ndogo) hadi pp (ndogo sana).

mwalimu_ibanda (Bukavu)
Aksanti sana nyote. Nimerudi kutoa habari.

Jumamosi umeme ulikatika saa tatu asubuhi, kwa hiyo kufunga klavye hakukuhitaji amri. Tuliimba. Mara ya kwanza wote watatu walishuka pamoja, tukacheka, tukaanza upya. Mara ya nne ilikaa, na yule wa namba za Kirumi, aliyekuwa anaimba ya katikati, akasema: "Mwalimu, mimi ndiye ninayeharibu akodi." Nikamwambia hilo aliandike.

Leo umeme umerudi, tumesikiliza mwisho. Binti ameniletea daftari. Ameandika: "Kipimo cha 23 kinasimama juu ya si bemoli, kisha kimya. Tangu mwanzo hatujapewa akodi ya mi mineri iliyosimama juu ya mi yake. Inakuja kipimo cha 25, chini kabisa, wakati melodia imekwisha." Chini yake, kwa herufi ndogo: "Ndiyo maana nilisema huzuni."

Mama Alto, wiki ijayo nataka kuwapa Träumerei, kipande kifupi cha piano cha Schumann. Msemo unapanda hadi fa, unaporudi unapanda hadi la. Hapo pia tuanze na sauti za ndani, au safari hii tufuate melodia?

mama_alto (Goma)
Melodia, Mwalimu. Waimbe ule mruko wa do hadi fa mwanzoni, kisha uwaulize kwa nini mara ya pili fa haikutosha.