Kuunda mchawi wa Fei mwenye kada zaidi ya moja: Bardi, Waloki na Druidi

Mgeni wa Msituni

Heshima kwenu, ndugu wachezaji. Kikundi chetu cha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa kubuni, yaani Dungeons & Dragons hukutana Sinza kila Jumamosi mchana, na tunatumia kanuni za toleo la tano kama zilivyochapishwa mwaka 2014. Kampeni mpya (mfululizo wa visa tunavyocheza) itaanzia wahusika wakiwa ngazi ya 3 na inatarajiwa kufika ngazi ya 10. Ninataka mhusika aliyelelewa na viumbe wa kichawi waitwao Fei, anayeteka akili za watu na kutoweka machoni pao. Nimefikiria kumchanganyia kada tatu, yaani aina za wahusika: Bardi (mwimbaji mwenye uchawi) wa Chuo cha Mng'aro, Waloki (mchawi anayepewa nguvu kwa mkataba) aliyefunga mkataba na Mkuu wa Fei, na Druidi (mchawi wa maumbile) wa Mduara wa Ndoto, kwa kuwa njia zote tatu zina asili ya Fei. Je, mchanganyiko huu utamjenga au utamdhoofisha? Na ikibidi kuacha kada moja, niache ipi?

Dadu Ishirini

Mwache Druidi, ndugu yangu. Kanuni inadai uwe na alama 13 katika sifa kuu ya kila kada unayoichanganya. Bardi na Waloki wote wanategemea Haiba, ilhali Druidi anategemea Hekima, nawe huna alama za kutapanya. Tena ukigawa ngazi 10 kuwa Bardi 6, Druidi 2 na Waloki 2, utapata nafasi za matabano (idadi ya mara unazoweza kutoa uchawi) hadi daraja la 4, lakini hutajua tabano lolote lililo juu ya daraja la 3, kwa sababu matabano unayoyajua huhesabiwa kwa kila kada peke yake. Nafasi za Waloki nazo hazimo katika hesabu hiyo. Zinasimama kando na hurudi baada ya mapumziko mafupi.

Utamu wa mpango wako uko kwa Bardi na Waloki. Bardi wa Mng'aro akifika ngazi ya 6 hupata Joho la Enzi, linalomwezesha kutoa tabano la Amri kila zamu, kwa muda wa dakika moja, kwa kitendo cha nyongeza na bila kutumia nafasi. Aliyekwisha kutekwa akili na wewe hushindwa moja kwa moja kujinusuru (kurusha dadu ili kuepuka uchawi) dhidi ya Amri hiyo. Waloki wa Mkuu wa Fei, tangu ngazi yake ya kwanza, anaweza kuwateka akili walio ndani ya mchemraba wa futi 10 unaoanzia alipo, hadi mwisho wa zamu yake inayofuata. Basi unawateka kwa kitendo chako, na papo hapo unamwamuru mmoja wao kwa kitendo cha nyongeza; zamu inayofuata unamwamuru mwingine. Ngazi moja tu ya Waloki inatosha kwa hili. Nakushauri uende na Bardi hadi ngazi ya 6, kisha umchukue Waloki katika ya 7.

Bi. Kete

Ninakubaliana na Dadu Ishirini kuhusu Druidi, ila si kuhusu mpangilio. Mtoto aliyelelewa na Fei hawezi kusubiri hadi ngazi ya 7 ndipo akumbuke kwamba ana mkataba nao. Anza na Waloki, kisha uwe Bardi moja kwa moja. Ukianzia huko utapata umahiri wa kujinusuru kwa Hekima, ambao Bardi hana, na mtu anayepigana kwa kuteka akili za wengine anahitaji sana kulinda ya kwake. Njia zote mbili zinafikia Joho la Enzi pamoja na mkataba katika ngazi ya 7. Gharama ya njia yangu ni kwamba kila kitu cha Bardi kitachelewa kwa ngazi moja: utaanza kampeni bila Chuo, na ngazi ya 5 itakukuta bila tabano la daraja la 3 wakati wenzako wanalo. Mimi ningeilipa gharama hiyo kwa moyo mweupe.

Utakapofikia Bardi 4, chukua kipaji (uwezo wa ziada wa kuchagua) cha Mguso wa Fei, kilichochapishwa mwaka 2020. Kinaongeza alama moja ya Haiba na kukupa Hatua ya Ukungu, tabano la kuhama futi 30 kwa kufumba na kufumbua, ambalo halimo katika orodha ya Bardi.

Msimamizi wa Meza

Nasema kama mwendesha mchezo. Tabano la Amri halifanyi kazi kwa wafu wanaotembea, wala kwa kiumbe asiyeelewa lugha yako, na amri yenyewe isiwe ya kumdhuru moja kwa moja. Elfi nao hujinusuru kwa unafuu (hurusha dadu mbili na kuchukua kubwa) dhidi ya kutekwa akili. Kwa hiyo muulize mwendesha mchezo wenu kampeni itawakutanisha na nani. Ikiwa ni makaburi matupu, mpango huu utakosa windo. Hakikisha pia kwamba hamtahamia kanuni za 2024, kwani humo Waloki huchagua mlezi wake (yule anayefunga naye mkataba) katika ngazi ya 3, na ngazi moja haitakupa ulichokusudia.

Mgeni wa Msituni

Nawashukuru sana. Nimemwuliza: kampeni ni ya fitina za kasri, wengi wa maadui ni binadamu, na kanuni zinabaki za 2014. Nitaanza na Waloki 1 na Bardi 2. Mkuu wa Fei atakuwa ndiye mlezi aliyemkuza, na deni la malezi hayo nitamwachia mwendesha mchezo alidai wakati anaoutaka.