Naombeni ushauri: mama wa mwigizaji wangu kagoma, zimebaki siku tisa

Mtoto_wa_Shangani: Wakuu, poleni na majukumu. Nina kikundi cha sanaa hapa Mtwara. Tunaandaa mchezo wa jukwaani kutokana na riwaya ya Kiingereza ya 2020 kuhusu familia ya Shakespeare. Mwanawe Hamnet alifariki 1596 akiwa na miaka 11, akamwacha pacha wake Judith. Miaka michache baadaye baba mtu akaandika tamthilia ya Hamlet. Mji wao, Stratford, tumeuacha Stratford, ila msiba ni wa kwetu: turubai, mikeka, kina mama ndani. Sasa mama wa mtoto anayecheza Hamnet hataki tena. Nimshawishije?

Korosho_Ghafi: Kibali cha mwandishi unacho? Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963 bila kuomba ruhusa ya mtu, maana Shakespeare kafa 1616. Riwaya ya 2020 ina mwenyewe. Pitia COSOTA, wale wa hakimiliki, kabla hujakodi viti.

Mtoto_wa_Shangani: Barua pepe nimetuma, nasubiri. Viti nimeshalipia.

Mzee_wa_Mingoko: Mwaka 1987 shuleni Masasi nilicheza maiti. Wakanifunika kanga mpya, ile dawa yake ikanipanda puani, nikapiga chafya. Bi mkubwa akapiga vigelegele kule nyuma. Mpaka leo nikifika sokoni naitwa Marehemu.

Bint_Mikindani: 😂😂 Shikamoo Marehemu. Mleta mada, mama hagomi hivihivi. Umeacha kitu.

Mtoto_wa_Shangani: Sawa. Mtoto ni pacha. Mwenzake alifariki mwaka jana, malaria. Lakini mwenyewe ndiye aliyeiomba hiyo nafasi! Na anaiweza. Akilala pale mkekani analivuta shuka taratibu mpaka usoni, vidole vinabaki nje. Hakuna aliyemfundisha.

Bint_Mikindani: Aliona kwa mwenzie, kaka.

Korosho_Ghafi: Wangu ana miaka kumi na kila siku ananiomba pikipiki. Mama alijua lini?

Mtoto_wa_Shangani: Jumamosi, alipoleta chakula mazoezini. Najua mtanishambulia: ni dada yangu. Marehemu ni mpwa wangu, mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea. Kwa hiyo msiniambie sina uchungu. Mabango yameshabandikwa mpaka Ligula, na hakuna mtoto mwingine aliyeshika maneno.

Fundi_Taa: Chai hii, na sukari imezidi. Mwezi wa tatu ulikuja hapa ukiwa fundi friji Lindi, mtoto pekee kwa wazazi wako, unagombea mikorosho na baba mdogo. Leo dada katokea wapi?

Mtoto_wa_Shangani: Ule uzi aliandika rafiki yangu, simu tulikuwa tunatumia wawili.

Fundi_Taa: Kikombe cha pili hicho.

Korosho_Ghafi: Na mimi nilikuwa nahangaika na COSOTA hapa 🤦

Mzee_wa_Mingoko: Ya kwangu ni kweli lakini. Chafya nilipiga.

Bint_Mikindani: Mimi bado namwamini, kwa sababu ya vile vidole. Mleta mada, hilo shuka mlilitoa wapi?

Mtoto_wa_Shangani: Kwa dada. Mtoto alikuja nalo mwenyewe.

Bint_Mikindani: Mrudishie leoleo, kabla ya magharibi. Nenda wewe, usimtume mtoto. Na habari za mchezo usizitaje.

Mzee_wa_Mingoko: Kiingilio shilingi ngapi lakini?