Naomba ushauri: nina VCO moja ya analogi, nataka mlio wa kengele za ng'ombe lakini unatoka kama king'ora

Msakina_Sauti
Habari za leo wakuu, shikamooni wakubwa. Niko Arusha, Sakina, natengeneza sauti za filamu fupi ya vijana wenzangu inayomhusu mchungaji wa Monduli na ng'ombe wake, na dairekta hataki sauti za kudaunilodi, anataka tutengeneze wenyewe kuanzia kengele mpaka upepo. Braza aliyeko Ujerumani kanitumia kesi ya Eurorack, yaani sintesaiza ya kuunganisha moduli mojamoja, ndani kuna osileta moja ya analogi, yaani VCO inayotoa mlio kwa kufuata volti, halafu filta ya kukata baadhi ya sauti, VCA ya kupandisha na kushusha ukubwa wa sauti, envelopu moja ya kuunda mwanzo na mkia wa pigo, na LFO ya kusogeza vitu taratibu.

Sasa nikichukua wimbi la msumeno nikalipeleka spikani linatoka limenyooka tu, ndo hicho king'ora. Nikipitisha kwenye filta linalainika ila linakuwa besi, kengele hamna. Pili tyuning inahama, asubuhi na hii baridi ya Julai naiweka noti ya A kwenye Hz 440 inakaa safi, saa saba mchana jua likishaingia dirishani imeshasogea, na nikipanda oktavu za juu kwenye kibodi ndo inazidi kuachana. Tatu nimejibana nimepata hela ya moduli moja tu, wengine wananiambia chukua VCO ya pili, wengine wavufolda, yaani moduli ya kukunja wimbi, na mzigo ukifika kuna ushuru juu yake, so sitaki kubahatisha. Nisaidieni jamani.

Fundi_Pasua
Marahaba kijana. Mimi niko Moshi huku natengeneza amplifaya na redio, nikujibu hilo la tyuning. VCO ya volti 1 kwa oktavu maana yake kila ukiongeza volti 1 frikwensi inajizidisha mara mbili, 110, 220, 440, 880 inakwenda hivyo. Semitoni moja ni volti 1 gawa kwa 12, kama milivolti 83, kwa hiyo ni kitu kidogo sana kinachoamua kama uko kwenye tyuni au umetoka. Kazi ya kuzidisha hiyo inafanywa na transista mbili, na transista joto inalisikia, kwa joto la kawaida la chumbani kila nyuzi 1 ya Selsiasi inavuta kama asilimia 0.33, yaani karibu senti 4 kwa oktavu moja (senti 100 za muziki ni semitoni moja), oktavu mbili senti 8, ndo maana unaona huko juu inaachana zaidi. Watengenezaji wanaweka resista maalum ambayo thamani yake inapanda kwa karibu sehemu 3300 kwa milioni kwa kila nyuzi, ili ifute huo mvuto. Fungua uangalie yako kama inayo.

Msakina_Sauti
Nimefungua mkuu. Kuna transista mbili zimegandishwa pamoja na resista imelazwa juu yake, zimepakwa kama gundi nyeupe.

Fundi_Pasua
Basi aliyeiunda anajua kazi yake. Hiyo resista inafanya kazi kama vitu vyote vitatu viko kwenye joto moja, jua likipiga kesi upande mmoja hesabu inavurugika. Hamisha kesi, itoke dirishani kabisa, iwashe nusu saa ndo utyuni, na umeme ukikatika ukarudi usikimbilie kurekodi, iache ipate moto tena. Na siku ukichomeka moduli mpya angalia kebo bapa, mstari mwekundu ni upande wa -12V, ukigeuza unaweza ukaiunguza hapo hapo na hela yako imeenda.

Dada_Njiro
Mdogo wangu mimi nije kwenye mlio wenyewe maana hapo ndo pananiuma, watu wanadhani osileta ikitoka dukani inakuja na sauti ndani yake. Msumeno una mizidisho yote ya noti ya msingi, mara 2, mara 3, mara 4, na kuendelea, mraba una ile ya witiri peke yake, na sikio likisikia namba kamili linazikusanya linasikia noti moja. Kengele ya chuma haiko hivyo. Milio yake ya ndani haikai kwenye namba kamili, inagongana, na huo ugomvi ndo sikio linaouita chuma. Filta kazi yake ni kupunguza kilichopo, so uzungushe nobu mpaka kesho haiwezi kukuletea mlio ambao osileta moja haijautoa.

Chukua mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ya 1980, kengele yake ni osileta mbili tu za mraba, moja karibu Hz 540 nyingine karibu Hz 800, zinapita kwenye filta ya bendi (inayopitisha sauti za katikati tu), juu yake envelopu inayopiga ghafla halafu inafifia. 800 kwa 540 ni kama 1.48, haifiki 1.5 na hapo ndo utamu ulipo. Ng'ombe wa Monduli kengele zao ni nzito zaidi, shusha zote mbili, linda tu huo uwiano usiwe namba safi.

Njia ya pili ni FM, siyo ya redio, ni osileta moja kutikisa frikwensi ya nyingine. John Chowning aliigundua pale Stanford 1967, na baadaye ndo Yamaha wakaijengea kinanda cha DX7 cha 1983. Chukua mawimbi ya saini (sine, yale laini yasiyo na mizidisho), uwiano 1 kwa 1.4, tumia ingizo la FM ya linia, inayosogeza kwa Hz sawa juu na chini, kama moduli yako inalo, maana ile ya eksponenshali, inayosogeza kwa oktavu, ukizidisha kina noti yenyewe inahama. Halafu envelopu ileile ifungue VCA na pia kina cha FM, ili mwanzo wa pigo uwe mkali na mkia uwe laini, kwa sababu chuma cha kweli milio ya juu inakufa kwanza.

Kijenge_Beats
Mi bado nasema wavufolda, Buchla yule mtengeneza sintesaiza na watu wa California walipata milio yao mingi humo, na saini ikikunjwa inakuwa tajiri kinoma.

Dada_Njiro
Tajiri kweli, nakubali, mimi mwenyewe naipenda. Lakini ukikunja saini moja unapata mizidisho ya namba kamili ileile, kwa kengele haimsaidii. VCO ya pili inampa kengele na upepo pia: zitikisane zenyewe kwa zenyewe, kila moja iingie kwenye FM ya mwenzake, kina kikubwa, zitavurugana mpaka unapata kama mchakacho, pitisha kwenye filta, LFO ya taratibu isogeze filta. Kabla hujatuma hela weka VCV Rack kwenye laptopu, programu inayoiga Eurorack, ni ya bure, panga VCO mbili humo usikilize. Na nenda mnadani Meserani na simu urekodi kengele za kweli, uwe na kitu cha kulinganisha.

Msakina_Sauti
Dada nimeweka VCV Rack usiku huu, mraba mbili 310 na 460 kwenye filta ya bendi, aisee mzee wa hapa ndani kauliza ng'ombe wa nani! Naagiza VCO ya pili. @Fundi_Pasua nyuma ya moduli kuna trimpoti (skrubu ndogo ya kurekebisha) imeandikwa skeli, niiguse?

Fundi_Pasua
Baada ya nusu saa ya moto, ndiyo. Tuma volti 1 halafu volti 3, soma frikwensi kwenye tyuna ya simu, ya pili inatakiwa iwe mara 4 ya kwanza. Ikizidi au ikipungua zungusha kidogo sana, rudi tena volti 1, soma upya. Bisibisi iwe ya plastiki kama unayo.